Gédéon Isingoma, Aliyewatangulia Maaskofu

Na Valerie Achola, katibu wa ofisi, Kanisa la Mtakatifu Alfeji, Stockholm

Jumapili tarehe 28 Juni 2026, baada ya miaka ishirini na sita kasoro mwezi mmoja, Bwana Gédéon Isingoma atastaafu kazi ya utunzaji wa kanisa letu. Aliajiriwa tarehe mosi Agosti mwaka 2000 kwa mkataba wa miezi mitatu, kwa sababu baraza la wakati ule halikuwa na hakika kama mwalimu wa shule kutoka Boga, mashariki ya Kongo, angeiweza theluji ya huku. Miezi mitatu hiyo haijaisha hadi leo. Makasisi wanne wamekuja wakaondoka, paa limebadilishwa mara mbili, na Gédéon yupo.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha ibada ya kumuaga. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, mlango wangu ukitazamana na wa stoo yake, kwa hiyo sina kisingizio. Najua wasifu wa mstaafu huwa maandishi ya furaha: mtu amemaliza mwendo, anapewa saa ya ukutani na keki, watu wanapiga makofi. Huu wangu nimejaribu kuuandika hivyo mara mbili nikashindwa. Nina huzuni, na ningekuwa mnafiki kuificha. Gédéon anaondoka akiwa na miaka sitini na sita, mapema kuliko alivyotaka, kwa sababu anasahau. Madaktari wameshaupa ugonjwa huo jina na sote tunalijua. Yeye na mkewe, Mama Dorothée, wameniruhusu niutaje. Nilipomwomba ruhusa alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Andika byote, Mama Valerie. Batu balisha kuniona pale ku stesheni. Nitaficha nini tena?" Habari ya stesheni nitaifikia.

Kwanza kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani mtunza kanisa ni mtu wa funguo tu. Gédéon amezoa theluji na kumwaga changarawe kwenye ngazi zetu ili wazee wasivunjike nyonga. Amepanga viti, amepiga pasi vitambaa vya altare, amechemsha kahawa ya baada ya ibada kwa wingi usioelezeka, na amebaki na wale ambao kahawa ikiisha hawana pa kwenda. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya pia kazi ya usafi katika ghala moja kule Jordbro, siku ambazo hakuwa kwetu, na sikumbuki hata mara moja alipofika na uso uliokunjamana. Alikunja uso kwa jambo moja tu, nalo ni mtu kuweka kikombe juu ya kinanda.

Lakini kazi yake inayoonekana ni ya fimbo. Siku za ibada kuu yeye hushika fimbo nyeusi yenye kichwa cha fedha na kutangulia maandamano. Nyuma yake huja msalaba, halafu kwaya, halafu wahudumu, halafu kasisi, na mwisho kabisa askofu. Zamani, kama anavyopenda kueleza, fimbo ile ilikuwa ya kufukuzia mbwa na walevi waliosimama njiani. Siku hizi inafukuza wapiga picha.

Maandamano yana sheria mbili, na Gédéon alizisimamia kama askari wa mpakani. Ya kwanza, mkubwa huja nyuma. Ya pili, hakuna wa kumpita mwenye fimbo wala kumwelekeza njia, awe nani. Mwaka mmoja alitutembelea mheshimiwa fulani, jina lake nalimeza, akataka atembee mbele ili apigwe picha vizuri. Gédéon alimwinamia kwa adabu zote, akamwambia: "Mukubwa anakuyaka nyuma, Mheshimiwa. Kama unapenda ya mbele, kuya Alhamisi tupanguse chini." Mheshimiwa akarudi nyuma. Alhamisi hakuja.

Sasa nieleze habari ya ubao. Katika wiki yake ya kwanza kazini, Gédéon aliagizwa atupe takataka za chumba cha mavazi. Miongoni mwake ulikuwamo ubao mrefu, uliopakwa rangi na kasisi mmoja Mwingereza wa zamani, wenye majina ya Maaskofu Wakuu wa Uingereza, wa Canterbury upande wa kushoto na wa York upande wa kulia. Gédéon hakuutupa. Alipanda nao treni ya laini ya buluu mpaka kwake Husby, akautundika jikoni, na Mama Dorothée anasema mwaka mzima mumewe alikula akitazama ukuta badala ya kumtazama yeye. Mwaka ulipotimia alikuwa anajua majina yote ya Canterbury kwa mpangilio, kuanzia Agostino aliyefika Kent mwaka 597, zaidi ya majina mia moja, bila kukwama.

Walikuwapo waliomcheka. Mkongomani, mkimbizi, anakariri maaskofu wakuu wa Kiingereza, ili iweje? Mimi mwenyewe nilimuuliza, tena kwa kiburi cha Mkenya ambaye kanisa la kwao lina askofu mkuu wake. Alinikumbusha kwamba Kongo nayo ina wa kwake tangu mwaka 1992, na kwamba Canterbury hana amri juu ya huyo wala juu ya wa Kenya: ni mzaliwa wa kwanza anayepewa heshima mezani, siyo baba mwenye nyumba. Lakini ukitaka kujua kwa nini mlango wa nyumba yenu uko upande huu na siyo ule, alisema, itabidi umuulize aliyejenga. Tangu siku hiyo nikaacha kumcheka, nikaanza kumsikiliza.

Ndivyo lilivyoanza somo la viti, ambalo kila mtoto wetu wa kipaimara amelipitia. Jumamosi moja ya Kwaresima, Gédéon huweka viti viwili ukumbini, kimoja cha Canterbury na kimoja cha York. Kila mwaka Canterbury alikuwa Bwana Mugambi, mzee wetu wa kanisa, mhandisi wa Kista, mtu asiyecheka ovyo. York alikuwa Gédéon. Kisha huwasimulia habari za mwaka 1176, pale mjumbe wa Papa alipoita mkutano Westminster. York alifika akamkuta Canterbury ameshakaa upande wa kulia wa mjumbe, kiti cha heshima. York hakukubali kukaa kushoto. Akajipenyeza, akaenda kukaa mapajani mwa mwenziwe. Hapo Gédéon, na mwili wake ule, humkalia Mugambi kweli kweli, na Mugambi hutazama dari kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Watoto hulia kwa kucheka. Mwisho wake, York alipigwa na kuchaniwa vazi, na ugomvi ule uliendelea karibu karne mbili kabla ya kupatanishwa: wa Canterbury aitwe Mkuu wa Uingereza Yote, na wa York aitwe Mkuu wa Uingereza. Watoto huuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yao, sasa tofauti ni nini? Gédéon huwajibu kwa Kiswahili kwamba hilo ndilo swali ambalo watu wazima walisahau kuliuliza.

Hakuishia kwenye mzaha. Aliwaeleza kwamba Canterbury ndiye humvika mfalme taji, na kwamba kiti chake kikiwa wazi, kama kilivyokaa mwaka jana, mengi hubebwa na wa York, ambaye watu hawamkumbuki mpaka siku hiyo. Aliwaeleza habari za Tomaso Becket aliyeuawa ndani ya kanisa lake, na za Cranmer, aliyetia saini ya kuikana imani yake, kisha akajuta, na siku ya kuchomwa akautanguliza motoni mkono ule ule uliotia saini. Alipofika kwa Alfeji wa kanisa letu, wa Canterbury pia, ambaye mwaka 1012 Wadenmaki walimpiga kwa mifupa ya ng'ombe mpaka akafa, kwa kuwa alikataa watu wake wakamuliwe ili yeye akombolewe, daima hutokea mtoto wa kusema, kwa Kiswidi, kwamba hao walikuwa Wadenmaki, siyo sisi. Gédéon husema sawa, tumeandika.

Aliowapenda zaidi ni wawili wa karne ya saba. Papa alimtafutia Canterbury mtu, akamchagua Hadriano, abate mmoja mzaliwa wa Afrika. Hadriano akakataa ukubwa. Ndipo akachaguliwa Teodoro wa Tarso, mgeni pia, ambaye inasemekana vita vilimtoa kwao, na aliyekuwa na miaka sitini na sita. Papa akamwambia Hadriano, basi fuatana naye. Wakaenda wote wawili, wageni kabisa katika nchi ya baridi. Teodoro alitumika zaidi ya miaka ishirini na Hadriano akafundisha shule. "Uyu ni wetu," Gédéon alikuwa akisema juu ya Hadriano, akijipiga kifuani. Na juu ya Teodoro alinitania kwamba mzee alianza kazi kwa umri ambao Mswidi anaanza kutafuta nyumba ya mapumziko kando ya ziwa.

Kuna jambo moja sharti niliseme kabla ya kufika mwaka jana. Mwaka 2003, siku za mauaji ya Ituri, kule kwao, ndugu yake Ludovic aliuawa. Habari zilimfikia Gédéon Jumapili asubuhi kwa simu, akiwa tayari ameshavaa joho lake jeusi la maandamano. Alitangulia kama kawaida, akasimama mahali pake kama kawaida, akawatoa watu kama kawaida. Ni Jumanne ndipo kasisi wa wakati huo alipopata kujua, na alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba nyuma yake kulikuwa na watu sitini, wangegongana. Sikuwapo bado, niliambiwa nilipoajiriwa. Nilidhani wanatia chumvi, mpaka nilipomzoea.

Sasa huzuni yenyewe. Kwaresima ya mwaka jana, katikati ya somo la viti, alifika kwa Teodoro akasimama. Mkono ulikuwa umeinuliwa, mdomo wazi, jina halikuja. Alisema, "Ule muzee... ule muzee wa Tarso..." Shalom, binti wa miaka kumi na minne kutoka Fisksätra, akadhani wanapimwa, akapaza sauti kwa Kiswidi, akimwita ami: "Teodor, farbror Gédéon!" Gédéon akacheka, akampongeza, akaendelea. Watoto wote waliamini kuwa alikuwa anawapima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la biskuti, nikachagua kuamini hivyo hivyo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Juni, Jumapili ya Pentekoste, askofu alikuja kutoa kipaimara. Ibada ilikwenda vizuri. Ukaanza wimbo wa kutokea, na Gédéon akashika fimbo, akatutangulia kwenye njia ya katikati. Mwisho wa njia ile tunageuka kushoto, tunaingia chumba cha mavazi. Amegeuka pale kushoto zaidi ya mara elfu. Siku hiyo hakugeuka. Alifungua mlango mkubwa, akashuka ngazi, akashika barabara.

Msalaba ukamfuata, maana msalaba hufuata fimbo. Kwaya ikafuata msalaba. Wahudumu wakafuata kwaya, kasisi wetu, Kasisi Natalie, akawafuata wahudumu, na askofu, na kofia yake ndefu na bakora yake, akaja mwisho kama inavyompasa mkubwa. Hakuna aliyeuliza. Angeuliza nani? Ni yeye aliyetufundisha kwamba mwenye fimbo hapitwi wala haelekezwi njia. Wengine walidhani ni mpango mpya wa Pentekoste, Roho amewatoa nje mitume. Tuliimba. Kwenye taa za waenda kwa miguu Gédéon alisimama, akangoja mtu wa kijani, nasi sote tukangoja, tukiimba ubeti wa tatu, na watu wakatoa simu zao wakatupiga picha. Kisha akavuka, akaingia stesheni ya Fridhemsplan, akashuka.

Nilianza kuelewa alipotia mkono mfukoni. Alitoa kadi yake ya treni, akaigusisha kwenye kifaa, milango ya kioo ikafunguka, akapita. Ikafungwa. Msalaba ukabaki upande huu. Askofu akabaki upande huu, na kwaya, na vijana wa kipaimara na maua yao. Nani anaweka kadi ya treni ndani ya kanzu ya kwaya? Wimbo ukafa mmoja mmoja. Gédéon alikuwa anaelekea kwenye ngazi za kushukia treni za Husby, mgongo umenyooka, fimbo mbele, kama mtu mwenye maandamano kamili nyuma yake.

Mama Dorothée ndiye aliyepenya kati yetu. Yeye alikuwa na mkoba wake, na mkobani mlikuwa na kadi. Alipita, akamfikia, hakumshika kwa nguvu, alimgusa tu mkono wa joho. Tulisikia yote, maana pale chini sauti husafiri.

"Tunaenda wapi, Papa?"

"Ku nyumba. Batu banafuata?"

"Banafuata. Lakini Askofu hana kadi. Turudie tumuchukue."

Akageuka. Akamwona askofu na kofia yake nyuma ya kioo, akaona msalaba, akatuona sisi. Nilimwona akielewa. Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba, ofisi ya kanisa huona mengi, lakini sijaona uso wa namna ile, na sipendi kuuona tena.

Alitutangulia kurudi. Hilo pia niliandike. Hakumpa mtu mwingine fimbo, na askofu alikaa mahali pake nyuma mpaka kanisani. Katika chumba cha mavazi Gédéon aliketi kwenye benchi akaniuliza: "Balicheka?" Nikamwambia hapana. Wapo waliocheka, barabarani. Nilidanganya, na sijatubu.

Baada ya hapo ikaja hospitali, vipimo, na barua. Fimbo ikawekwa kabatini na maandamano yetu yakawa yanakwenda bila fimbo, kila mtu akimkanyaga mwenziwe. Gédéon aliendelea kuja Alhamisi kufanya kazi ndogo ndogo. Mwezi wa Aprili mwaka huu baraza likakaa kupanga ibada ya kumuaga. Bwana Mugambi alipendekeza mstaafu aketi kiti cha mbele, kwa heshima zote, na fimbo ishikwe na mwingine. Nikaunga mkono mimi, wa kwanza. Nilisema sitaki watu wamcheke tena. Mikono yote ikainuliwa, na nikatumwa mimi nimpelekee habari.

Alhamisi hiyo alikuwa anang'arisha vinara. Nilimweleza polepole. Aliweka kitambaa chini, akasema: "Ni sawa. Basi mimi nitafuata." Akavaa koti akaenda nyumbani kabla ya saa sita, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka kumi na tisa. Nilijiambia kwamba lililo gumu limepita.

Alhamisi iliyofuata aligonga mlango wangu. "Mama Valerie, ile siku ya mwisho, njo mimi nitashika fimbo?" Alikuwa amesahau. Nikamwambia upya, na uso ukaanguka upya. Alhamisi ya tatu akagonga tena, akauliza tena kwa maneno yale yale na tumaini lile lile, na nikamwambia tena. Kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kwangu ilikuwa mara ya tatu kumpiga mtu mmoja kwa jiwe moja. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea jina la Teodoro na njia ya kwenda chumba cha mavazi, lakini swali hili haukumwondolea, na kila wiki alilileta kwangu.

Alhamisi ya nne, tarehe 21 Mei, alikuja amefunga tai. Akauliza. Nikasema: "Ndiyo, Papa Gédéon. Ni wewe." Sikuwa na ruhusa ya baraza, wala ya kasisi, wala ya mtu yeyote. Alinishika mikono miwili. Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, kisha nikajifariji kwa wazo baya: kwamba atakuwa ameshasahau kabla ya treni kufika Husby, na hakuna atakayejua.

Alhamisi iliyofuata hakuuliza. Alikuja na viatu vyake vyeusi ndani ya mfuko wa dukani, akaomba gazeti kuukuu, akalitandaza sakafuni mwa ofisi yangu, akaanza kuvipiga rangi kwa ajili ya tarehe 28. Hilo hakulisahau. Alikuwa amelishika barabara.

Ikabidi niende mbele ya baraza nikaungame. Niliwaeleza zile Alhamisi zote, moja baada ya nyingine. Mugambi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nilikosea, kwamba baraza haliendeshwi hivyo, na nikakubali, maana ni kweli. "Na akitupeleka steshen tena?" akauliza. Kasisi Natalie akamjibu kwamba ikiwa hivyo, tutakuwa stesheni. Mugambi alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Huyu ni mtu aliyekaliwa mapajani na Gédéon miaka kumi na minane. "Nilikuwa naogopa wamcheke," akasema. "Sikufikiria vile yeye anaona. Sawa. Tutaenda penye ataenda. Na mtu asimshike mkono." Akaagiza iandikwe katika kumbukumbu za kikao, nami nikaiandika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakaposhika kijitabu hiki mtaona kwamba utaratibu wa ibada umepangwa mpaka baraka. Baada ya baraka imeandikwa tu: wimbo wa kutokea, maandamano, Gédéon Isingoma akitangulia. Mwisho wa maandamano haukuandikwa, siyo kosa la uchapaji. Akigeuka kushoto tutageuka kushoto. Akifungua mlango mkubwa tutatoka naye. Askofu amearifiwa, na amejibu kwa barua kwamba atakuwa mahali pake, mwisho, na kwamba safari hii atakuwa na kadi. Nanyi njooni na kadi zenu, na viatu vya kutembelea. Wenye simu waziache mifukoni, tafadhali. Tuimbe hadi tutakapofika, popote patakapokuwa.

Papa Gédéon, mimi ni mtu wa ofisi, nimezoea kuandika barua za kuomba ukumbi. Hii imenishinda. Tunakushukuru kwa ngazi zisizoteleza, kwa kahawa, kwa kuwafundisha watoto wetu kwamba mtu anaweza kukataa kiti akabaki mtu. Mama Dorothée, tunakushukuru kwa kutuazima mume Jumapili zote hizo. Tunawaombea siku nyingi za amani kule Husby, na zile zitakazokuponyoka, Papa, tutakutunzia sisi. Karatasi hizi zitabaki jikoni kwenu. Utakapozisoma ukauliza ni nani huyu anayesifiwa namna hii, Mama Dorothée atakuambia ni wewe. Ukiuliza tena, atakuambia tena. Ukiuliza mara ya tatu na yeye amechoka, nipigieni simu, nitapanda treni nije nikusomee mwenyewe.